Mali bila Daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisoma darasani mwaka wa kwanza wa chuo, nikaieleza kwenye mtihani na kupata alama zangu. Wakati huo sikuwa na mali, kwa hiyo daftari nalo halikunihusu. Lilikuja kunihusu katika likizo ya Desemba, baba aliponikabidhi kazi ya kusimamia pesa za matumizi za wadogo zangu watatu, tulipokuwa tukijiandaa kusafiri kutoka Masaka, Uganda, hadi Mwanza kwa meli.

Safari yenyewe ilitokana na kahawa. Mwaka huo bei ilikuwa nzuri, na baba alisema fedha ya kahawa isiishie kwenye mabati na karo peke yake. Shangazi yetu, dada yake baba, ameolewa Mwanza, na kwa miaka mingi tulimjua kwa sauti ya simu tu. Tungekwenda sote sita: baba, mama, mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike wa miaka 17, wa kiume wa miaka 15, na kitindamimba wa miaka 13. Tungepanda basi hadi mpakani Mutukula, kisha Bukoba, na kutoka Bukoba tungepanda meli ya usiku, New Victoria, ambayo hubeba abiria 1,200 na kupitia Kemondo kabla ya kuelekea Mwanza. Wadogo zangu hawakuwahi kulala juu ya maji. Kwao hii ilikuwa safari ya kitalii kama zile za kwenye filamu.

Baba aliogopa jambo moja, na halikuwa mawimbi. Mjomba wetu anayeishi Uingereza aliwahi kusafiri na watoto wake katika meli kubwa ya kitalii. Katika meli za namna hiyo abiria hawalipi kwa fedha taslimu. Kila mmoja hupewa kadi, na kadi hiyohiyo inayofungua mlango wa chumba ndiyo inayonunulia soda, picha na michezo. Kila kitu huandikwa kwenye hesabu moja, nayo hulipwa mwisho wa safari. Mzazi anaweza kuomba kadi ya mtoto iwekewe kikomo, lakini asiyeomba huijua habari asubuhi ya mwisho. Mjomba hakuomba. Baba aliipenda sana hadithi hiyo, na kila alipoisimulia idadi ya soda iliongezeka.

Meli yetu haikuwa na mambo ya kadi. Ukitaka chai unatoa noti na kurudishiwa chenji. Hata hivyo baba alipanga kukaa na fedha zote mfukoni mwake na kumpa kila mtoto kidogo kidogo kadiri atakavyoomba. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo ilivyokuwa katika shule yangu ya bweni, ambako pesa za matumizi ziliachwa kwa mlezi wa bweni na mwanafunzi akapanga foleni siku ya Jumamosi kuziomba.

"Baba," nilimwambia, "mtoto anayeomba kila soda anajifunza kuomba. Kutumia hajifunzi."

Alicheka. "Haya, msomi wetu. Wewe ndiye mwenye Kiswahili, na fedha za huko zinazungumza Kiswahili. Zisimamie."

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha mambo mawili ambayo nyumbani kwetu yalichanganyika siku zote: mahitaji ya familia na matumizi ya mtu. Nilimwomba baba aandike mahitaji ambayo yeye angeyalipia. Aliandika nauli, chakula mara tatu kwa siku, maji, dawa, na zawadi ya shangazi. Kilichobaki kingegawanywa kwa watoto watatu, na kila mmoja angepata shilingi 60,000 za Uganda. Baba alitaka mkubwa apate zaidi. Nilimweleza kwamba ikiwa mahitaji yote yamelipiwa, njaa ya mkubwa haizidi ya mdogo. Tofauti ningeiweka katika muda: wakubwa wawili wangepewa fedha zote kwa mara moja, na kitindamimba angepewa nusu wakati wa kwenda na nusu siku ya tatu.

Jioni ile tulikuwa tukimenya ndizi za matoke, mimi na mdogo wangu wa kike. Nilipomsomea orodha alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, na pedi ziko upande gani?"

Hapo ndipo nilipopata habari ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa nayo. Mdogo wangu husifiwa na ukoo mzima kwa ubanaji wake wa fedha. Akirudi kutoka shule, pesa zake za matumizi huwa hazijaisha, na wenzake huambiwa wamwige. Alinieleza kwamba hazigusi kwa sababu hajui ni lini pedi zitapanda bei kwenye duka la shule, na kwamba kumwomba baba fedha hizo hawezi. Kilichosifiwa kama busara kilikuwa hofu. Miaka minne alikuwa akitazama wenzake wakinunua maandazi, naye akisema hana njaa.

Niliandika "pedi" kwenye orodha ya familia, kati ya dawa na zawadi ya shangazi, nikampelekea baba. Aliisoma mpaka mwisho. Akakohoa, akachukua kalamu, akajaza kiasi kwa mkono wake mwenyewe, akanirudishia. Hatukusema neno.

Kisha nikawakusanya wadogo zangu na kuwaeleza masharti, ambayo yalikuwa matatu. Fedha hii ni yako, hutaomba ruhusa na hutakaripiwa. Ikiisha imeisha, wala usimwendee baba au mama. Na kila usiku kabla ya kulala utaandika kwenye daftari lako ulichonunua. Baba aliongeza jambo ambalo sikulitarajia, kwa kuwa kwetu mtoto haulizi baba yake ana shilingi ngapi. Aliwatajia gharama ya safari nzima, nauli ya mtu mmoja mmoja, na magunia ya kahawa yaliyouzwa ili kuilipia. Kitindamimba alihesabu magunia kwa vidole na kukaa kimya.

Pale Mutukula tulipata somo la hesabu. Shilingi 3 za kwetu zilibadilishwa kwa takriban 2 za Tanzania. Fungu la kila mtoto liliingia likiwa 60,000 na kutoka likiwa 40,000, na mdogo wangu wa kiume akalalamika, "Tumeibiwa elfu 20!" Nilimweleza kwamba hakuna aliyeibiwa, ila hatari ilikuwa mbele. Mtu akitoka kwetu akaambiwa soda ni 1,000, huiona rahisi, kwa sababu masikio yake bado yanasikia shilingi za Uganda. Niliwaandikisha kwenye jalada la daftari: ongeza nusu yake. Bei ya 1,000 ni 1,500 za nyumbani, na ya 8,000 ni 12,000.

Kanuni hiyo haikudumu hata mpaka bandarini. Bukoba, kabla ya kupanda meli, mdogo wangu wa kiume alinunua miwani ya jua kwa 8,000. Jua lilikuwa limeshazama. Akanunua na senene wa kukaanga wa 5,000, maana Desemba ni msimu wao kule kama ilivyo kwetu Masaka. Mama alinitazama. Nilitazama ziwa.

Tulikuwa daraja la tatu, kwenye viti, mizigo ikiwa miguuni. Meli ilipoondoka watu walitandika khanga na kujiandaa kulala, lakini vijana walibaki macho. Mdogo wangu wa kiume aliwaona wavulana wawili wa rika lake, wenyeji wa Muleba, wakicheza karata. Alitaka kuingia kwenye mchezo na hakuwa na maneno. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini shuleni kwake kitabu kilikuwa kimefika kabla ya mwalimu. Basi alitumia lugha aliyokuwa nayo mfukoni. Alikwenda kwenye mgahawa akarudi na chipsi kuku na soda kwa watu watatu. Shilingi 17,000. Usiku kucha nilimsikia akisema "karata yako," "umekula," "sio hivyo, kaka," na kucheka.

Kitindamimba alinunua soda moja na kuinywa kwa saa mbili. Daftarini aliandika: "Soda 1. Haikuwa baridi." Mdogo wangu wa kike alikwenda mgahawani peke yake, akanunua sahani ya chipsi, akaila yote bila kumwonjesha mtu. Kisha akaandika bei, akapiga mstari chini yake kwa rula. Sijawahi kuona mtu akila chipsi kwa utulivu kama ule.

Asubuhi tuliingia Mwanza, tukayaona majabali yaliyosimama majini na shangazi aliyesimama bandarini. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na 10,000 za kumtosha siku nne. Siku ya tatu shangazi alitupeleka soko la Makoroboi. Hapo aliiona jezi nyekundu ya Simba, kwa kuwa wale wavulana wa karata walikuwa Simba na sasa naye alikuwa Simba. Baada ya kupatana sana muuzaji alifika 20,000 na kugoma hapo.

Mdogo wangu hakuomba. Alisimama tu, ameshika mkono wa jezi. Mama alifungua pochi.

"Mama, tafadhali," nilisema.

"Ni mtoto," mama alijibu. "Na tumetoka mbali. Lini atarudi hapa?"

Baba aligeuka akaanza kuangalia mikanda ambayo hakuihitaji. Neno la mama lilikuwa la kweli. Elfu 10 isingetufilisi, na mtoto yule alikuwa mbali na nyumbani, mbele ya kitu alichokitamani. Lakini dada yake alikuwa amesimama palepale akiwa na viatu alivyovinunua kwa fedha aliyoigawa siku kwa siku, na kitindamimba alikuwa akitutazama sote ili ajue kama masharti yalikuwa masharti au maneno. Ikiwa asiyebakiza huongezewa, basi anayebakiza ndiye anayemlipia. Mama alifunga pochi. "Ungekuwa umemzaa wewe, ungejua," aliniambia. Neno hilo ninalo mpaka leo, wala sijalitafutia jibu.

Mdogo wangu hakusema nami mpaka usiku. Baada ya chakula alifungua daftari na kuanza kujumlisha kwa sauti, mbele ya baba na mume wa shangazi. Angeacha miwani na senene, alisema, jezi ingekuwa mwilini mwake, na 3,000 zingebaki. Alifikiri kidogo. "Lakini zile chipsi sizijutii," alisema, na alilisema kwa Kiswahili. Mume wa shangazi alimuuliza kwa nini, naye akamjibu kwa Kiswahili hichohicho, akikosea ngeli na kuendelea. Walizungumza habari za Simba na Yanga mpaka mimi nikasinzia. Kijana aliyepanda meli akijua "jambo" na "asante" alikuwa akibishana na mtu mzima kuhusu magolikipa.

Nilipolala nilifikiri juu ya mstari ule wa daftari, "chipsi na soda, watu 3, 17,000." Baba angeuona angeuita upotevu. Mimi ningeuita ada ya shule. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na haki ya kuupa jina, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu aliuandika na kwa sababu fedha ilikuwa yake. Tangu hapo methali ile naisoma kwa mkazo mwingine. Darasani nilieleza kwamba daftari huzuia mali isipotee. Methali haisemi hivyo. Mali ya kijana wa miaka 15 itapotea, daftari liwepo lisiwepo. Linaloweza kuzuiwa ni ile sehemu ya mwisho, kupotea bila habari. Mjomba na kadi zake alizipata habari asubuhi ya mwisho, watoto wake hawakuzipata kabisa, na nyumbani kwetu habari za pedi zilichelewa miaka minne kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuziandika.

Shule zilipofunguliwa Februari, mdogo wangu wa kiume alimwomba baba ampe pesa za muhula mzima mkononi badala ya kuziacha kwa mlezi. Baba alimpa za nusu muhula, akamwambia arudi na daftari. Miwani ya jua aliiacha nyumbani, na sasa mama huivaa akienda shambani. Orodha ya shule ya mdogo wangu wa kike nayo iliandikwa upya, kwa mwandiko wa baba: sukari, pedi, sabuni, kalamu.