Kiko cha Babu

Katika ukoo wetu palikuwa na hoja moja iliyodumu kuliko majembe yote ya nyumba, na hoja hiyo ilikuwa Babu. Babu alionekana na kiko kinywani tangu ujana wake, akafariki amekwisha pita miaka 80, wala kifo chake hakikuletwa na kifua. Kila aliyeonywa juu ya tumbaku alimtaja yeye. Baba mdogo alimtaja. Nami nilipoanza kuvuta sigara katika chuo cha ualimu, mwaka 2008, nilimtaja vile vile. Niliwaambia wenzangu kwa majivuno kwamba mapafu yetu ni ya urithi na moshi hauyawezi.

Mwaka 2017 Baba mdogo alifariki kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa mwana wa Babu: damu ile ile, pua ile ile, cheko lile lile. Usiku wa matanga binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu, alikuja kuketi nami nje, mbali na watu. Akaniuliza, "Kaka, wewe ni mwalimu. Ugonjwa huu ni wa ukoo? Sisi watoto wake nasi tumekwisha andikiwa?" Mfukoni mwa koti langu mlikuwa na pakiti ya sigara. Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitasoma, kisha nitamwandikia.

Nilisoma kweli, tena kama mshtakiwa asomaye hukumu yake. Kumbe swali la dada yangu lilikuwa la zamani. Mwaka 1950 huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza habari za wanaume 649 wenye saratani ya mapafu. Kati yao wasiovuta walikuwa 2 tu. Lakini Ronald Fisher, bingwa wa takwimu na wa elimu ya urithi, naye mwenyewe mvutaji wa kiko, hakuridhika. Alisema mwaka 1958 kwamba huenda mtu hurithi kitu kinachompa hamu ya tumbaku, na kitu hicho hicho ndicho kimleteacho saratani. Sigara basi ingekuwa imesingiziwa. Alileta ushahidi wa mapacha: wale wafananao kabisa walikaribiana katika tabia ya kuvuta kuliko mapacha wengine. Nakiri kwamba niliposoma maneno hayo nilifurahi. Niliona mtaalamu mkubwa akisema kwa kinywa cha ukoo wetu.

Furaha hiyo haikukaa. Mwaka 2008, mwaka ule ule nilioanza kuvuta, makundi matatu ya wataalamu, la Iceland, la Ufaransa na la Marekani, yalitangaza kila moja kwa upande wake kwamba yamefika mahali pamoja katika kromosomu ya 15. Hapo pana jeni zinazotengeneza vipokezi, ambavyo ni kama vitasa juu ya chembe za neva, na nikotini ya tumbaku huingia humo kama ufunguo. Maandishi ya jeni hizo hutofautiana kidogo toka mtu hata mtu, kama wanafunzi wawili wanakilivyo sentensi moja na mmoja akabadili herufi. Mvutaji aliyerithi tofauti fulani kwa mzazi mmoja, hatari yake ya saratani ya mapafu ilizidi kwa kiasi cha asilimia 30; aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, kwa asilimia 70 au 80.

Je, Fisher alishinda? Nusu ya neno lake ilikuwa kweli, maana urithi unaigusa hamu ya tumbaku: wenye tofauti ile huvuta zaidi, na humeza moshi mwingi zaidi katika kila sigara. Lakini uchunguzi mkubwa uliofuata haukuona madhara yake kwa watu ambao hawakuvuta kamwe. Urithi ule ulipitia kwanza katika sigara, ndipo ukafika mapafuni. Na upimwe ukubwa wake: wenyewe hauifikishi hatari mara mbili, hali sigara huiongeza mara 15 hadi 30. Tena tofauti ile ni ya kawaida kwa watu wa Ulaya, bali kwa Waafrika ni adimu. Nilikuwa nikitafuta udhuru wangu katika nasaba ya watu wengine! Watu wa kwetu wamechunguzwa kidogo mno katika mambo haya, na kazi hiyo ingali inawangoja baadhi yenu msomao.

Nilimwandikia dada yangu kwamba hakuandikiwa. Sikumficha kwamba ndugu wa mgonjwa wana hatari iliyozidi ya watu wengine, wala kwamba wapo wasiovuta wanaougua, na kwamba familia chache zimerithi kosa adimu katika jeni iitwayo EGFR. Lakini yeye, asiyevuta, alikuwa mbali na sababu iliyo kubwa kuliko zote. Barua hiyo ilikaa juu ya meza yangu siku tisa, kwa kuwa kando yake palikuwa na kisahani cha majivu, na kila nilipotaka kuifunga nilikiona.

Wakati huo nilikuwa na miaka 29. Doll, aliyewafuata madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951, aliandika mwaka 2004 kwamba wavutaji walikufa wapata miaka 10 kabla ya wenzao, na kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikwepa karibu hasara yote. Nilijaribu kuacha mara mbili nikashindwa. Mara ya tatu nilifaulu.

Barua niliipeleka kwa mkono. Nyumbani nilimkuta Nyanya akichambua kunde, nikamwuliza ilikuwaje Babu akavuta miaka yote ile asidhurike. Alicheka hata akaweka ungo chini.

"Babu yako? Tumbaku ilikuwa ya kununua, mjukuu wangu, na fedha tuliipata wapi? Alivuta siku za sikukuu. Siku nyingine alikaa nacho kinywani, kitupu."