Kwa Mkono

Bahasha hazikuwa na stempu. Pale juu pembeni, mahali pa stempu, mtu aliandika "kwa mkono", chini yake jina la mpokeaji, kisha maelekezo: Ngamiani barabara ya 12, nyumba yenye mlango wa kijani; Muheza, nyuma ya wauza machungwa; Bweni, ukishavuka uliza kwa fundi cherehani. Hizo ndizo zilikuwa anuani. Desemba ya mwaka 2000 nilibeba bahasha 31 kutoka London kwenda Tanga. Idadi naikumbuka kwa sababu niliziorodhesha zote nyuma ya daftari langu la zamu, kila moja na kiasi kilichomo, na daftari hilo ninalo hadi leo.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Uingereza. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mashariki ya jiji, na kuomba likizo ya Krismasi pale ilikuwa sawa na kuazima ngalawa ya mvuvi siku bahari imejaa dagaa. Nilipewa kwa kuwa mwaka uliotangulia nilifanya Krismasi na mwaka mpya mfululizo, zamu za usiku, wenzangu wako makwao. Ramadhani nayo iliingia mwishoni mwa Novemba, na Idi ikaangukia wiki ileile ya Krismasi. Kufunga London mwezi wa Desemba si jambo la kumringia mtu. Jua linazama saa kumi kasoro za alasiri; unafuturu tende na chai kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na zamu bado haijafika nusu. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nimefunga, alicheka. "Hiyo yenu ni ya watoto."

Pale kazini palikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza niliyemvalisha kila asubuhi. Tangu mapambo ya Krismasi yatundikwe aliniuliza swali lilelile kila siku, kwani usiku ulikuwa ukimfutia yote: naenda wapi, na huko kuna Krismasi? Kila siku nikamjibu upya, kwamba ipo, ila nyumbani kwetu mwaka huu sikukuu yetu inakuja siku mbili baadaye. Kila siku akashangaa upya. Juma la mwisho alinikandamizia kiganjani mche wa sabuni ya lavenda, umefungwa karatasi ya maua, akasema ni wa mama yangu. Huo sikuuandika daftarini. Mama hakuuogea. Aliutia sandukuni katikati ya kanga zake, na alipofariki tuliukuta humo, karatasi yake haijafunguliwa.

Habari za safari yangu nilimwambia mtu mmoja tu, muuza kadi za simu karibu na stesheni, zile kadi za pauni tano unazokwaruza upate namba. Kumwambia muuza kadi ni kutangaza redioni. Kesho yake simu ikaanza kulia. "Dada, nasikia unakwenda nyumbani." Hawakuuliza kama nina nafasi. Waliuliza waje lini.

Walikuja usiku, baada ya kazi, wamelowa, na bahasha imelazwa ndani ya koti upande wa moyo. Kulikuwa na adabu yake. Bahasha haikufungwa nyumbani kwa mwenyewe. Ililetwa wazi, fedha zikahesabiwa mbele yangu, nikaandika, akatia sahihi, ndipo akalamba gundi. Pauni 20, pauni 50, moja tu pauni 300. Kisha hakuondoka. Chai ilipikwa, naye akaanza kunieleza huyo anayempelekea ni nani: mama huyo ana kisukari, usimpe mbele ya kaka mkubwa, shangazi huyo hasikii vizuri sikio la kushoto. Nilijua magonjwa ya nusu ya Tanga kabla sijapanda ndege. Na kila mmoja, akiwa mlangoni anafunga zipu, alisema neno lilelile kwa sauti ya chini: ukiulizwa hali yangu, sema mzima. Baadhi yao hawakuwa wazima. Kijana mmoja wa Bweni alikuwa analala sebuleni kwa watu, zamu kwa zamu, kitanda hakijapoa mwingine anakilalia. Karatasi hana, kwa hiyo kwenda kumwona mama yake hawezi, kwani akitoka harudi. Yeye alileta pauni 40 na mkufu wa bandia wenye rangi nzuri.

Fedha ni nyepesi. Kilichotutoa jasho ni "kamzigo kadogo" kalikoandamana nazo. Kutoka Tanga walikuwa wameletewa barua zenye mguu wa mtoto uliochorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na chini yake maneno "viatu vya shule, acha nafasi ya kukua". Nimeingia madukani na miguu ya karatasi mfukoni, nikiipachika ndani ya viatu mmoja mmoja, huku muuzaji akinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Kulikuwa na miwani ya kusomea, vitamini, saa, na chokoleti. Chokoleti ilikuwa inafika Ubungo, Dar, imeshakuwa uji.

Sanduku nilinunua Green Street, Upton Park, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Nilikwenda Jumamosi ya mechi kwa kutojua. Uwanja wa West Ham ulikuwa hapohapo wakati ule, na barabara nzima imejaa wanaume wa jezi za rangi ya damu ya mzee, nami nakokota sanduku tupu dhidi ya mkondo wao. Mzee yule aliposikia nanong'ona Kiswahili peke yangu nikisoma bei, alinijibu kwa Kiswahili. "Mama, hiyo usichukue, gurudumu yake bovu." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kimekatwa ncha, lakini kilikuwa na miaka 28 bila kutiwa maji na bado kilisimama. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Nilimwuliza alibeba nini. Akasema masufuria, mama yake alikataa kuyaacha. Kisha akanipunguzia pauni tatu na kunitahadharisha kuhusu zipu.

Mizani tuliyokuwa nayo nyumbani ni ya bafuni: unajipima mwenyewe kwanza, halafu unapanda umelikumbatia sanduku, unatoa. Nilikuwa na kilo 61 wakati ule, jambo ninalolitaja kwa makusudi.

Nisije nikaonekana nayapamba mambo. Kubeba fedha za watu ni adhabu. Sikulala ndani ya ndege. Kila aliyepita kwenda msalani nilimwona mwizi. Safari nyingine mpokeaji mmoja alidai pauni 20 zimepungua, na ingawa sahihi ya mtumaji ilikuwa daftarini, nililipa mfukoni mwangu, maana Tanga ni mji mdogo na neno likishatoka halirudishwi kwa daftari.

Ila kuzigawa! Basi la kutoka Ubungo lilipita Chalinze, Segera, Muheza, na pale Muheza nilimkabidhi mtu bahasha yake kupitia dirishani, akikimbia sambamba na basi huku akiniuliza, "Umemwona mwenyewe? Amenenepa?" Ngamiani nilizunguka kwa miguu siku mbili. Bweni nilikwenda siku ya tatu ya Idi, barabara ya vumbi hadi Pangani, kisha pantoni ya kuvuka mto. Mama wa yule kijana hakuifungua bahasha. Aliiweka chini ya mkeka, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza anakula nini, analala wapi, anacheka? Nikasema mzima. Akaniangalia kwa muda mrefu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwona. Sema tena." Nikasema tena. Nilitumwa niseme hivyo, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Kwa miaka kumi Desemba yangu ilikuwa hiyo. Watu hudhani intaneti ndiyo iliyoua bahasha, lakini hapana. Maduka ya kutuma fedha yalikuwepo London tangu zamani, na barua pepe tulikuwa nazo. Tatizo lilikuwa hatua ya mwisho: fedha zikifika Dar, nani atazifikisha Bweni? M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hatukuielewa mara moja. Tulidhani ni ya kununulia vocha.

Nilielewa mwaka 2010. Jumamosi tarehe 18 Desemba theluji iliifunga Heathrow. Watu walilala sakafuni kwenye kiwanja, magazeti yakajaa picha zao. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumatatu, nami nilikaa juu ya masanduku nikisikiliza redio. Jumapili usiku kengele ikalia. Yule kijana wa Bweni, ambaye sasa hakuwa kijana sana, amekuja kwa miguu kwa kuwa mabasi yalikuwa yakienda kwa kubahatisha, viatu vimelowa, ndevu zina barafu. Akavua kofia. "Shikamoo dada. Samahani. Naomba bahasha yangu." Mama yake alikuwa amelazwa, fedha zinatakiwa, naye hawezi kungoja ndege. Nikamtolea. Akaihesabu mbele yangu, kama ilivyokuwa desturi, akatia sahihi kwamba ameipokea. Jumatatu asubuhi akazituma kupitia duka la kutuma fedha. Binamu yake Dar akazichukua, akazirusha kwa simu, na wakala mwenye meza chini ya mwembe akamlipa ndugu yao. Kabla ya adhuhuri yetu kuingia alinipigia. "Zimefika, dada. Na ya kutolea nimeweka."

Mimi niliondoka Alhamisi tarehe 23, na daftarini mstari mmoja umekatwa.

Safari ya 2012 nilibeba bahasha sita. Mwaka 2015 moja, ya bibi mmoja ambaye hakuiamini simu. Baada yake, hakuna. Hakuna aliyekuja kuniaga wala kuniambia basi. Desemba zilifika tu na kengele haikulia. Nilikuwa nimenunua paketi mbili za biskuti kwa ajili ya wageni. Nilizila mwenyewe, jambo linaloeleza kwa nini hesabu ile ya mizani imebadilika.

Siku hizi maagizo yanakuja kwa WhatsApp, picha ya kiatu na namba yake. Tena ni machache. Mpwa wangu aliniambia bila kuficha, "Shangazi, nguo usilete. Mitumba ya Uingereza iko hapa, imekutangulia." Kwa hiyo sanduku moja nalipeleka tupu, nalo hurudi limejaa dagaa, achari ya embe na unga wa muhogo. Duka la masanduku Green Street sasa limekuwa la vifuniko vya simu. West Ham walihama mwaka 2016, uwanja ukavunjwa, pamejengwa maghorofa. Jumamosi unapita bila kumkanyaga mtu.

Watu wanasafiri kimyakimya. Miaka michache iliyopita, Dar, kwenye jengo la tatu la kiwanja lililofunguliwa 2019, nimesimama kwenye ukanda wa mizigo nikamwona mtu mwenye mvi anavuta sanduku. Ni yule wa Bweni. Tulikuwa ndege moja, yeye mbele mimi nyuma, na wote wawili tunaishi London umbali wa vituo vinne vya basi. Karatasi alishazipata. Hakuniambia anasafiri, nami sikumwambia. Tulicheka kwa aibu, kama watu waliofumaniwa wanakula mchana. Nikamwulizia mama yake, Bi Mkubwa. "Yupo, alhamdulillah. Macho tu. Ananiuliza, yule mama wa bahasha siku hizi haji?"

Nikamwambia amweleze kwamba fedha sasa zinakuja zenyewe. Akasema ameshamweleza mara nyingi. Anapiga naye simu ya picha kila Ijumaa, lakini mama yake husema mtoto akijipiga picha mwenyewe hawezi kuaminika.

Mwaka huu nasafiri tarehe 19 Desemba. Nina masanduku mawili, kilo 23 kila moja, na moja lina nafasi. Kama mnanifahamu, na mna mtu Tanga, Muheza au Pangani mnayetaka akaonwe kwa macho, leteni bahasha kabla ya tarehe 17, baada ya saa moja jioni. Si lazima iwe na fedha. Iacheni wazi, tutaifunga hapa. Chokoleti sibebi.