Kutoka Tanga Hadi Lushoto na Tela Nyuma Yetu

Katika likizo ya Desemba 2022 Mwenyezi Mungu alitujalia kufunga safari kutoka Tanga kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, kumpelekea binti yetu vyombo vya nyumba yake mpya. Tulikuwa watu saba: sisi na mama watoto, mama yetu mzazi aliyepindukia miaka 80, kijana wetu mkubwa aliyeshika usukani, na wadogo zake watatu. Gari letu ni lile la familia la viti 8, lenye mlango wa kuteleza ubavuni, ambalo watu wa kwetu huliita Noah. Kwa kuwa vyombo havikuenea ndani, tuliazima kwa jirani tela dogo la magurudumu mawili.

Twaandika habari za njia hiyo kwa ajili ya wazee wa nyumba, na zaidi kwa vijana, kwani wengi hudhani kuwa gari likiweza kulivuta tela, basi safari i salama. Nasi tulidhani hivyo.

Usiku wa kuamkia safari tulipakia kwa pupa. Godoro na mikeka vilitangulia mbele ya tela; kabati la mninga, cherehani na masanduku ya vyombo vikawekwa nyuma kabisa, karibu na mlango wake, ili tuvishushe kwa urahisi. Kijana wetu akatazama, akasema, "Baba, naona nyuma pamezidi. Mkono wa tela wataka kuinuka." Tukamjibu kwa ukali kwamba tumepakia mizigo tangu yeye hajazaliwa. Akanyamaza kwa adabu. Alfajiri tukasali, tukasoma dua ya safari, tukaondoka.

Kutoka Tanga hadi Segera ni karibu kilomita 70. Msafiri huiona minazi ikipungua na mashamba ya mkonge yakitokea, kisha hufika Muheza, mji wa machungwa, ambayo hupangwa kando ya barabara mafungu mafungu. Watoto waliimba kaswida, na bibi yao akawaitikia.

Tulipoipita Muheza, katika mteremko mdogo, basi kubwa lilitupita kwa kasi. Upepo wake ukalipiga tela ubavuni, nalo likaanza kuyumba. Kwanza lilivuta kidogo kushoto, kisha kulia, na kila mara likazidi, hata nyuma ya gari letu ikawa yatikiswa kama pepeto. Kaswida ikakatika. Mama yetu akaanza kutoa shahada kwa sauti. Sisi, kwa hofu, tukapiga kelele: "Kanyaga breki! Kanyaga breki!"

Kijana hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili ukiwa umenyooka, akaliacha gari lipungue mwendo lenyewe. Mayumbo yakapungua, yakaisha, naye akaegesha kando polepole. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Tulipomwuliza kwa nini hakutii, alijibu kwa unyenyekevu, "Baba, ningefunga breki ghafula, tela lingetusukuma, likajikunja ubavuni mwetu na kutupindua." Alikuwa amefundishwa hayo alipojifunza udereva. Nasi tulikuwa tumemnyamazisha mara moja usiku, tukataka kumharibia tena mchana.

Tukaenda taratibu mpaka Segera, penye njia panda ya kwenda Moshi na Dar es Salaam. Katika mgahawa tulikuta mzee mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Alikuja kulitazama tela, akalizunguka, akatikisa kichwa.

"Maalim," alisema, "umelifanya tela kuwa mizani iliyoelemea nyuma. Magurudumu ndiyo katikati ya mizani. Uzito ukizidi nyuma yake, mkono wa mbele huinuka na kulinyanyua gari lako. Matairi ya nyuma ya gari hupoteza mshiko, na tela hupata nguvu ya kukutikisa. Shusha vyote, tupange upya."

Tulishusha vyote. Kabati na cherehani tukaviweka juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini kabisa. Vyepesi vikakaa nyuma na juu. Kila kitu kikafungwa kwa kamba kisisogee. Mzee alitueleza kuwa uzito unaolalia pale tela linaposhikana na gari hufaa uwe karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Tela likiwa na kilo 400, basi kilo 40 zilale pale. Kwa tela dogo, hata mizani ya kupimia watu yaweza kuonyesha jambo hilo: mkono wa tela huwekwa juu yake, katika kimo kile kile cha kufungia.

Kisha akatuuliza swali lililotufedhehesha: "Kitabu cha gari lenu chasema livute kilo ngapi?" Hatukuwahi kukifungua. Kila gari lina kikomo chake kilichoandikwa na waliolitengeneza, na abiria nao ni mzigo. Gari lililojaa watu saba na mabegi yao haliwezi kuvuta sawasawa na gari lenye dereva peke yake. Siku ile tuliwashusha vijana wawili, wa miaka 17 na 15, tukawapandisha basi la Lushoto pamoja na mabegi yote. Mmoja wao alitaka akae ndani ya tela. Mzee akamkemea, kwani tela si mahali pa kiumbe hai.

Tukakagua pia mengine: nati za magurudumu, ambazo hulegea baada ya mwendo wa kwanza, nasi tukazikuta mbili zimelegea, upepo wa matairi yote, pamoja na ya tela, taa za breki na za kuonyeshea kona, na minyororo miwili ya usalama. Hiyo tuliipitisha kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili mkono ukichopoka uangukie juu ya minyororo, usichome barabara. Iwe na nafasi ya kutosha kwa kona, lakini isiburuzike.

Tulikumbuka hapo jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza mtu aliyeuliza habari ya ngamia wake: amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Sisi tuliisoma dua, lakini ngamia hatukumfunga. Mbele ya mama yake na bibi yake, tulimwomba kijana wetu radhi.

Kutoka Segera tuliupita mji wa Korogwe, penye mto Pangani, kisha Mombo, mji ulioko chini ya mlima, ambao reli iliyotoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Hapo barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 tu, lakini humtoa mtu katika joto la kimo cha mita 400 hivi na kumfikisha mita 1,400 hivi. Njia ni nyembamba, imejaa kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Tela hukata kona kwa ndani kuliko gari, kwa hiyo kijana aliingia kila kona kwa upana kadiri upande wetu ulivyoruhusu, asije akaliparuza tela kwenye mwamba. Aliitazama mara kwa mara alama ya joto la injini, na palipopatikana nafasi aliegesha ili walio nyuma wapite. Soni tulipumzika, karibu na maporomoko ya maji, injini ikapoa.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ilitupokea kwa ukungu na baridi. Vijana wetu wawili walikuwa wamekwisha fika kwa basi. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukakabidhi vyombo vikiwa salama.

Baada ya siku tatu mtihani mwingine ukaja, nao ulikuwa mzito kwa namna yake. Mkwe wetu, mtu mkarimu sana, alituandalia magunia sita ya viazi na kabichi. Tulipomwambia tutachukua mawili tu, uso wake ukabadilika. "Maalim," alisema, "tela tupu litarudije Tanga? Watu watasema tumewanyima." Nani asiyejua uzito wa neno hilo baina ya wakwe? Tukataka kukubali. Tukamtazama kijana wetu. Safari hii tulimwuliza kabla ya kujibu. Alisema kwa heshima, "Babu, kupanda injini ndiyo inayotaabika, kushuka ni breki. Tela hili halina breki zake. Uzito wote utasukumwa mgongoni mwa gari letu, na ndani yumo bibi." Mkwe alinyamaza, kisha akacheka, akasema, "Basi bibi ni bora kuliko viazi." Magunia manne yakaja wiki ya pili kwa lori.

Katika kushuka, vijana wakatangulia tena kwa basi. Gari letu hubadili gia lenyewe, lakini kijana aliishusha kwa mkono mpaka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ili injini ilizuie gari. Breki alizikanyaga kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, kisha akaziachia zipoe. Kwani breki zikanyagwazo mfululizo hupata moto, hutoa harufu ya kuungua, na mwisho hukataa kushika. Chini, katika barabara kuu, aliacha nafasi maradufu kati yetu na gari la mbele, wala hakukimbia. Tulifika Tanga baada ya Magharibi, mama yetu amelala kwa raha kitini mwake.

Enyi vijana, mkiijua haki ya kazi, isemeni kwa adabu hata kama mkubwa amekasirika. Nasi wazee, umri hautuambii uzito wa tela. Mizani na kitabu cha gari ndivyo vituambiavyo. Walio ndani ya gari ni amana. Kabla ya kuondoka, mtu na ashuke, alizunguke tela lake, alitikise kwa mkono, na amsikilize aonaye kasoro, ajapokuwa mtoto wake.