Ajali Haina Kinga?

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii fupi, ya maneno matatu tu, husikika nchini Kenya kila kunapozuka maafa. Husemwa na jirani anayemshika mkono mfiwa, husemwa na mhubiri kaburini, na aghalabu husemwa pia na kiongozi aliyefika penye kifusi akiandamana na msafara wa magari na kundi la waandishi wa habari. Vinywa ni vitatu na kauli ni moja, lakini maana si moja. Jirani huisema ili kumwondolea mfiwa lawama anazojitwika mwenyewe usiku anapokosa usingizi. Kiongozi huisema ili kujiondolea lawama yeye. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima la jinsi taifa linavyojiandaa kukabiliana na dharura: methali ya matangani imepataje kuwa sera ya ofisini?

Mwaka wa 2015 uliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya mafunzo matatu kuhusu suala hili, na kila funzo lililipiwa kwa uhai wa mtu.

Funzo la kwanza lilikuja alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Wanamgambo wanne wa Al-Shabaab, wakiwa na bunduki, walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakati baadhi ya wanafunzi walikuwa wamelala na wengine wamekusanyika kwa maombi. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Tetesi za shambulio dhidi ya vyuo zilikuwa zimetangulia. Vyuo vingine vilikuwa vimekwisha kuwatahadharisha wanafunzi wao siku chache kabla. Hata hivyo, kikosi maalumu cha polisi chenye ujuzi wa kukabiliana na shambulio la aina hiyo kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Garissa, na kiliwasili huko mchana, saa nyingi baada ya milio ya kwanza ya risasi. Yaani onyo lilikuwapo, na kikosi kilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuliunganisha onyo na kikosi kabla ya jua kupanda.

Funzo la pili lilifuata siku kumi baadaye. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 12 Aprili, mlipuko wa umeme ulisikika katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na adui wala bunduki. Palikuwa na kishindo, giza, na kumbukumbu ya Garissa ambayo ilikuwa bado mbichi. Wanafunzi walidhani kwamba zamu yao imefika, wakaanza kuruka kutoka madirishani na kwenye ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Nani angethubutu kuwacheka? Walifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya usipofunzwa kufanya jambo jingine. Hofu yao ilikuwa ya haki, ila hakuna aliyekuwa amewahi kuionyesha njia ya kupitia.

Funzo la tatu ndilo la ajabu kuliko yote. Tarehe 30 Novemba mwaka uo huo, chuo kikuu kimoja jijini Nairobi kiliamua kufanya lile ambalo vyuo vingine vilikuwa vikilizungumzia tu: kuandaa zoezi la kujihami. Kwa hakika, nia ilikuwa njema. Milio ya risasi za kuigiza ilipigwa ili kupima jinsi watu wangeikabili hali ya uvamizi. Wengi hawakujua kwamba lilikuwa zoezi. Baadhi walijirusha kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja wa chuo hicho akafariki. Watu wapatao 30 waliumia. Zoezi lililokusudiwa kuokoa uhai liliutwaa.

Matukio haya matatu yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza jambo ambalo ripoti nyingi za serikali hulipita. Huko Garissa hatari ilikuwa ya kweli na msaada ukachelewa. Huko Kikuyu hatari haikuwapo, lakini hofu ilitosha kuvunja miguu na kuua. Katika tukio la Novemba hata hofu yenyewe ilitengenezwa, nayo ikaua vilevile. Kwa hiyo maandalizi ya dharura hayaanzii kwenye bunduki wala kwenye gari la zimamoto. Huanzia katika ujuzi wa kawaida kabisa alio nao mtu wa kawaida: mlango uko wapi, unafunguliwaje, nani ana ufunguo, tukitoka tukutane wapi, na nani atatuhesabu. Mtu asiyejua haya hajaandaliwa, hata kama taifa lake lina vikosi kumi.

Shule za malazi zimeyashuhudia haya kwa miaka mingi kuliko vyuo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakaangamia. Moto huo uliwashwa na mkono wa binadamu, lakini mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Taifa lililia. Miaka saba baadaye, mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Mwongozo huo hauna lugha ya mafumbo. Unaagiza kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Kwamba milango iwe na upana usiopungua futi tano na ifungukie nje. Kwamba madirisha yasitiwe vyuma. Na kwamba nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Ni maneno yanayoeleweka na fundi yeyote wa kijijini.

Baada ya hapo, nini? Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto ulizuka katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, lililokuwa na wavulana zaidi ya 150. Watoto 21 walifariki. Siku za maombolezo ya kitaifa zikatangazwa. Ukaguzi ukafanywa kote nchini, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikaamuru sehemu za malazi zifungwe katika shule 348 za msingi zilizopatikana kuwa na kasoro za usalama. Hatua hiyo ilistahili. Lakini idadi yenyewe inazua swali chungu: kasoro za shule hizo 348 hazikuzaliwa usiku wa moto wa Endarasha. Zilikuwapo mwaka uliotangulia, na pengine mwaka uliotangulia huo. Mkaguzi hakukosa macho. Alikosa msiba wa kumtuma.

Huu ndio mtindo wa kuziba ufa baada ya ukuta kuanguka. Kenya haikosi asasi. Mwaka wa 1998, baada ya mafuriko ya mvua za El Nino, Kituo cha Kitaifa cha Kushughulikia Maafa kilianzishwa. Mnamo tarehe 7 Agosti mwaka uo huo, bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na watu 213 wakafa jijini humo. Waokoaji wenye vifaa na mbwa wa kunusa walilazimika kutoka Israeli. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefukiwa aliwahi kuzungumza na waliokuwa wakimtafuta. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho. Katiba ya 2010 nayo imeutaja udhibiti wa maafa katika orodha zote mbili za majukumu, ile ya serikali ya kitaifa na ile ya kaunti, huku huduma za zimamoto zikiachiwa kaunti. Kugawana jukumu si vibaya. Ila wapwani wanajua kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Siku ya maafa wote huwa manahodha mbele ya kamera. Siku ya kununua mipira ya maji, kila mmoja huwa abiria.

Kuna wanaojitetea kwa umaskini wa nchi. Utetezi huu una ukweli wake, maana gari la zimamoto ni ghali, na kaunti nyingi ni pana kuliko uwezo wa magari yaliyopo. Lakini mlango unaofungukia nje hauhitaji mbao nyingi kuliko unaofungukia ndani. Bawaba ni zile zile. Seremala ni yule yule. Kuwaonyesha watoto njia ya kutokea, usiku mmoja kila muhula, hakuhitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Utetezi mwingine ni mzito zaidi, na haufai kupuuzwa. Vyuma vya madirishani havikuwekwa na mtu mwovu. Viliwekwa na mwalimu mkuu aliyeibiwa magodoro, au aliyechoshwa na wanafunzi wanaotoroka usiku, au, baada ya Garissa, na mwalimu aliyeogopa bunduki. Ukuta ukainuliwa, malango matatu yakawa moja, na kila anayeingia akapekuliwa. Kinga ya hatari moja ikawa mtego wa hatari nyingine. Mlango unaomzuia mvamizi ndio unaomzuia mtoto asiukimbie moto. Hakuna mwongozo utakaoufumbua mgogoro huu kwa chuma peke yake. Unafumbuliwa na binadamu aliye macho: mlinzi wa usiku aliyepo kweli, aliye na ufunguo kiunoni na si katika droo ya ofisi iliyofungwa, aliyewahi kuufungua mlango huo gizani na anayejua unachukua muda gani kufunguka. Pasipo mtu huyo, ukuta hauna maana, na ukosefu wa ukuta hauna maana vilevile.

Suala la lugha pia haliwezi kuachwa nje. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini katika majengo mengi neno linaloonyesha njia ya kutokea huandikwa kwa Kiingereza pekee. Maelezo yaliyobandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto huwa hivyo hivyo, kwa herufi ndogo. Anayetarajiwa kuyasoma ni nani? Aghalabu anayekuwa karibu na mtungi huo usiku ni bawabu, mpishi au mfagizi, ambaye pengine hakupata nafasi ya kwenda mbali kimasomo. Utabiri wa hali ya hewa nao unapomfikia mkulima wa bondeni ukisema kwamba mvua itazidi kiwango cha wastani, humwachia kazi ya kutafsiri wastani kuwa kina cha maji mlangoni pake. Tahadhari isiyoeleweka na mtu aliyemo hatarini ni sawa na tahadhari isiyotolewa. Hapa wasomi wa Kiswahili wana kazi ambayo haiwezi kungoja waziri: kuyaandika maelekezo hayo kwa maneno yanayoweza kusomwa kwa pumzi moja, na mtu anayetetemeka.

Tuirudie methali. Je, wahenga walikuwa wapumbavu? La hasha. Jamii iliyosema kwamba ajali haina kinga ndiyo hiyo hiyo iliyosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba majuto ni mjukuu. Baharia wa mwambao hakung'oa nanga bila kutazama upepo. Aliupisha kusi ulipochafuka, akangoja msimu wake, na hata katika mtumbwi mdogo hakukosa chombo cha kukumbia maji. Aliamini kadari kwa moyo wake wote, na bado alizikagua kamba zake. Imani na tahadhari hazikugombana katika kifua chake.

Basi methali zina saa zake. Ile ya ufa ni ya kabla. Ile ya ajali ni ya baada. Ajali haina kinga ni neno la huruma, la kusemwa kwa sauti ya chini pale ambapo yote yaliyowezekana yalikwisha kufanywa na bado kifo kikaja. Anayeitamka akiwa hajazibua mlango ameiiba matangani. Ni haki ya mama wa Kyanguli kuisema, kama itamfariji. Si haki ya ofisi iliyokuwa na mwongozo mezani.

Usiku huu, katika mabweni mengi ya nchi hii, taa zitazimwa kama kawaida. Mlinzi atafunga mlango, azungushe ufunguo, ajaribu kitasa, kisha aondoke. Huenda usiku upite salama, kama upitavyo mara nyingi. Lakini kuna swali dogo ambalo mwanafunzi anaweza kuliuliza kabla ya kulala, swali lisilohitaji kamati, bajeti wala tume ya uchunguzi: ufunguo ule huwekwa wapi? Ikiwa chumba kizima hakimjui wa kulijibu, basi kazi ya kuziba ufa haijaanza, na hakuna methali itakayoifanya kwa niaba ya walio hai.