Fildi ya Kwanza Ukerewe

Meli ya Nansio iling'oa nanga Mwanza ikiwa imesheheni magodoro, kreti za soda, mifuko ya saruji na abiria waliokwisha kuzoeana. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mtoto wa mjini, sijawahi kukanyaga Ukerewe. Begini nilikuwa na sare, saa ya kuhesabia mapigo ya moyo na barua ya chuo ya kunipeleka fildi katika kituo cha afya.

Mama mmoja aliyepakata kikapu cha kuku alianza kunihoji. "Mwanangu, unakwenda kwa nani?" Nilipomwambia ni nesi mwanafunzi, akacheka. "Basi utatujua wote."

Baada ya saa tatu hivi tulitia nanga Nansio. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, lakini dereva wa bodaboda alijua ninakokwenda kabla sijafungua mdomo. Njiani, huku mihogo na michungwa ikitupita pande zote, alinisimulia nani kalazwa na nani kajifungua. Nikamkumbuka Aniceti Kitereza, mwandishi mzaliwa wa kisiwa hiki, ambaye mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe masimulizi ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Wawili hao wanakosa mtoto, na shida yao ya chumbani inageuka kesi ya ukoo.

Darasani tulikariri kanuni: heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki, tunza siri yake. Ile ya mwisho niliiona nyepesi kuliko zote. Mkunga aliyenipokea, ambaye kila mtu alimwita Sista, ndiye aliyenionyesha uzito wake.

Asubuhi moja aliletwa mwanamke kijana na mama mkwe wake. Sista alimwomba mkwe asubiri kwenye benchi, akavuta pazia, akamfunika mgonjwa kitenge na kumweleza kila kipimo kabla ya kumgusa. "Unakubali, mwanangu? Ukitaka nisimame, sema." Tulipotoka, mkwe alikuwa mlangoni.

"Sista, amekutwa na nini?"

"Mama, hayo atakueleza mwenyewe akipenda."

"Nauli nimelipa mimi!"

"Umelipa, Mama, Mungu akubariki. Lakini siri ni yake."

Mkwe alinuna, na Sista hakuongeza neno. Jibu lake lingekuwa hilo hilo hata kama ugonjwa ungekuwa mafua, maana ukificha makubwa tu, siku utakaponyamaza watu watajua kuna jambo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yawe siri, ila sheria haikai benchini na mama mkwe. Anayekaa hapo ni nesi.

Somo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote nililipata sokoni Nansio. Tulikuwa tukichagua sato nilipomwona mgonjwa wetu wa kliniki akiwa na mashoga zake. Sista aliniwahi kwa sauti ya chini: "Subiri akusalimie yeye. Na usimuulize anaendeleaje." Yule mama alitutazama, akapitiliza. Kwetu kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu, lakini siku ile kunyamaza ndiko kulikokuwa adabu yenyewe. "Unaendeleaje?" ikitoka kwa shangazi ni salamu, ikitoka kwa nesi mbele ya watu, ni tangazo. Mgonjwa akitangazwa mara moja, kesho atapanda meli kufuata dawa Mwanza, na siku atakayokosa nauli atakosa na dawa.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukipangiwa fildi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, usidhani umemaliza kazi ukishafungia mafaili kabatini. Ukivua sare, zamu ya kutunza siri bado inaendelea: kwenye bodaboda, sokoni na melini. Atakayekuuliza habari za mgonjwa, mwelekeze kwa mgonjwa.