Mgombea Mwenza Asiyepigiwa Kura

Kila uchaguzi mkuu Watanzania tunalisikia neno "mgombea mwenza". Kikatiba ni yule anayesimama pamoja na mgombea urais ili wakishinda awe Makamu wa Rais. Lakini katika miaka yangu ya uchungaji huku Kibondo nimeona kwamba kila mgombea mwenye ndoa, hata yule wa uenyekiti wa kitongoji, ana mgombea mwenza mwingine. Huyu hapigiwi kura, na picha yake haibandikwi kwenye miti ya barabarani. Ni mke wake, au mume wake. Anaweza kumjenga mgombea na anaweza kumbomoa, na mara nyingi hufanya hivyo jikoni, mbali na jukwaa.

Naandika kama mchungaji, wala si kama mwanasiasa. Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili: kwa Neno lake ndani ya Kanisa, na kwa serikali anayoiweka ili watu waishi kwa amani. Kwa hiyo mchungaji hapandi na mgombea madhabahuni. Lakini ndoa ya mgombea Mkristo tuliibariki sisi. Kampeni ikiingia katika nyumba hiyo, imeingia katika kazi yetu.

Tukitafuta mfano wa mwenza aliyesaidia, hatuhitaji kwenda mbali. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu ili aitumikie TANU. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka 1953 na tayari walikuwa na watoto. Mshahara ulikatika, na chama wakati huo hakikuwa na fedha za kumtunza kiongozi wake. Mama Maria akaendesha duka dogo Dar es Salaam. Tunapohesabu waliojenga uhuru wa nchi hii, tuhesabu na lile duka. Lilimwezesha mumewe kwenda mikutanoni bila kumwinamia mtu kwa ajili ya chakula cha watoto. Mtu ambaye nyumba yake inakula kwa jasho lake si rahisi kumnunua.

Sasa niseme upande wa pili, nao nimeuona kwa macho yangu.

Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya kura za maoni, mke wa mtia nia wa udiwani alifika usharikani na vitenge vya sare ya kwaya, doti kwa doti, vya rangi moja. Alisema ni sadaka yake mwenyewe, mumewe hahusiki. Waimbaji walifurahi, maana sare zao zilikuwa zimepauka. Mama kiongozi wa kwaya alivipokea kwa heshima, akamshukuru, kisha akamwambia, "Mama, tutaviweka ofisini kwa Baba Mchungaji hadi uchaguzi upite. Ukipita salama, tutashona na kukuombea." Mgeni wetu alikubali kwa shingo upande. Mumewe hakupita kwenye kura za maoni. Siku chache baadaye alikuja kijana na baiskeli, akasema ametumwa vitenge. Tukampa. Jumapili ile kwaya iliimba na sare zilizopauka, na mimi niliwasikia wameimba vizuri kuliko kawaida.

Sikuwahi kumlaumu yule mama kwa ukali, maana najua alivyofikishwa pale. Nchi yetu imepita safari ndefu na jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Asiye na kitu angeshindana vipi na mwenye uwezo wa kukirimu? Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Basi mlango wa mbele ukawa na mlinzi. Ndipo watu wakatafuta mlango wa uani, na mlango wa uani wa nyumba nyingi ni mama wa nyumba. Yeye yumo katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika kwaya, katika misiba, katika umoja wa wanawake. Akipeleka sukari kwenye msiba, nani atauliza?

Hata sheria inalijua hili. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake na pia mali za mwenzi wake. Waliotunga sheria walielewa kwamba mfuko wa mume na mfuko wa mke vinaweza kuwa mfuko mmoja wenye midomo miwili.

Hapa ndipo wahubiri wengi humleta Yezebeli. Naye analetwa kwa haki, maana katika 1 Wafalme 21 tunasoma jinsi alivyoandika barua kwa jina la Ahabu na kuzitia mhuri wa mfalme, hadi Nabothi akapoteza uhai na shamba lake la mizabibu. Lakini tusome hadi mwisho. Baada ya Nabothi kufa, Bwana alimtuma nabii Eliya kwa Ahabu. Mfalme hakuandika barua, lakini mhuri ulikuwa wake, na alishuka mwenyewe kwenda kulimiliki shamba. Mungu hakumruhusu ajifiche nyuma ya mkewe. Nawaambia hivyo watia nia wanaoniletea habari za "mama ndiye aliyegawa, mimi sikujua". Mhuri ni wa nani?

Tena Maandiko yanatuonyesha mke mwingine wa mtawala, ambaye tunamsahau kwa sababu ana mstari mmoja tu. Mathayo 27:19 inasema kwamba Pilato akiwa ameketi kitini kuhukumu, mkewe alimpelekea ujumbe amwache yule mwenye haki. Huyu hakuwa mfuasi wa Yesu, kadiri tunavyoambiwa. Alikuwa mke aliyeona hatari na akathubutu kumwambia mume wake mkubwa neno ambalo maofisa wake wasingethubutu kulisema. Pilato hakusikia. Lakini ujumbe ulifika, na Injili imeutunza hadi leo.

Kwangu mimi msaada mkubwa wa mwenza uko hapa. Wapambe humwambia mgombea kwamba amekwisha kushinda. Wapinzani humwambia kwamba hafai kabisa. Nyumbani tu ndipo anapoweza kupata mtu anayemjua bila shati la chama, mtu wa kumwambia, "Leo umesema uongo pale mkutanoni," au, "Hili limezidi, rudi." Mwenza akiigeuza hata nyumba kuwa jukwaa la vigelegele, mgombea amebaki bila kioo.

Sisi tunaoishi karibu na Nduta tunajua gharama ya uchaguzi uliokosa neno la namna hiyo. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi aliteuliwa na chama chake kugombea muhula wa tatu. Maandamano yakazuka Bujumbura, na mwaka huohuo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena kuwapokea waliokimbia. Rais yule alijulikana kama mtu wa maombi, na mkewe, Denise, ni mchungaji. Sina haki ya kuhukumu mioyo yao. Yaliyosemwa chumbani mwao anayajua Mungu. Lakini nilipowaona wale akina mama wakifika na watoto mgongoni, nilijifunza jambo ninalolirudia kila mwaka wa uchaguzi: maombi ya nyumba ya kiongozi si mhuri wa kila alichokusudia. Mke anayemwombea mumewe ashinde tu, bila kumwombea awe tayari pia kushindwa, bado hajamwombea.

Kuna msaada mwingine ambao watu huuita usaliti. Hili nalisimulia kwa ruhusa ya wahusika wote wawili, bila kuwataja. Mume alitaka udiwani. Akapata mtu wa kumkopesha fedha za kampeni kwa kuweka nyumba yao rehani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini ya mke ilihitajika. Mama alikuja kwangu siku ya Jumatano, jembe bado begani.

"Baba Mchungaji," alisema, "nikisaini, akishindwa watoto watalala wapi? Nisiposaini, ukoo wake watasema mimi ndiye niliyemwangusha."

Nilimuuliza, "Umemwambia yeye haya uliyoniambia mimi?"

"Bado. Naogopa."

Tuliketi watatu jioni ya pili yake. Mama alizungumza taratibu, macho chini, lakini alimaliza yote. Mume alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi tutakwenda kwa baiskeli." Na kweli alizunguka vitongoji kwa baiskeli, akila ugali wa muhogo kwa waliomkaribisha. Hakupita. Ndugu zake walimnunia shemeji yao msimu mzima. Lakini katika ibada ya jumuiya, mwaka uliofuata, yule mume alisimama kutoa ushuhuda. Alisema, "Nilikosa kiti, sikukosa paa. Aliyenishikia paa ni huyu." Ukoo wake walikuwepo na walisikia.

Nimesema sana juu ya wake, na sipendi msomaji afikiri kwamba siasa ni ya waume. Kasulu iliwahi kuwa na mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare wa Heru, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Tangu Machi 2021 nchi yetu inaongozwa na Rais Samia Suluhu Hassan, na mume wake, Hafidh Ameir, ameonekana hadharani mara chache. Kwa mume wa mwanamke kiongozi mtihani ni mwingine. Mke wa mgombea hushawishika kupita kiasi kusaidia. Mume wa mgombea hushawishika kujisikia amepunguzwa.

Mwaka 2024, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, nilimwona mwanamume wa usharika wetu ambaye mke wake aligombea. Alimpakia kwenye baiskeli hadi mkutanoni, kisha akaketi nyuma kabisa ya watu na mtoto mapajani. Vijana wakamcheka, wakasema amelishwa limbwata. Aliwajibu, "Mwaka jana nilipoumwa, yeye alinipakia kwenye baiskeli hii hii hadi hospitali. Hamkucheka." Sijui kama jibu lile lilimwongezea mkewe kura. Najua wazee waliokuwa karibu walinyamaza, na mmoja akamsogezea kiti.

Hao waliocheka wananipeleka kwenye neno langu kwa usharika. Kampeni zinapopamba moto, mwenza wa mgombea hugeuzwa lengo la mawe. Atasemwa ametoka wapi, alizaa na nani, kwa nini hana mtoto, kabila lake nani, kwa nini anasali dhehebu lingine. Katika Katekisimo Ndogo tuliikariri amri ya nane tukiwa watoto wa kipaimara. Luther hakutufundisha kuacha uongo tu, bali pia kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mzuri. Amri hiyo haina likizo ya kampeni. Udhaifu wa mgombea unaohusu kazi anayoiomba tuuhoji waziwazi. Fedha zake na za nyumba yake tuzihoji, maana sheria yenyewe inazihoji. Lakini tumbo la mkewe si ilani ya uchaguzi.

Kwa wenza wenyewe nasema machache. Toa sadaka yako mwaka usio na uchaguzi. Kama moyo ni wa kutoa, miaka minne inatosha. Usipokee zawadi ambayo mwenzako angekataa, maana atakuja kuilipa yeye. Mwambie ukweli akiwa peke yake, na mbele za watu msimame pamoja. Mkisali, msali pia juu ya siku ya matokeo, na mkubaliane mapema mtaishije jina lake likikosekana. Na mkipata, kumbuka kwamba kura zilikuwa za mwenzako. Ofisi ya kijiji haina kiti cha mke wala cha mume wa mwenyekiti.

Na sisi tuliobaki tukumbuke kwamba uchaguzi ukiisha, mabango yatanyeshewa mvua na kuchanika, na wapambe watahamia kwa aliyeshinda. Mgombea atarudi nyumbani usiku, ameshinda au ameshindwa, na yule mwenza ndiye atakayemfungulia mlango. Nawaomba washarika twende kuwatembelea wote wawili wiki ile, hasa walioshindwa. Wengi hawatapata mgeni mwingine.