Nilivyowapotosha Wakulima wa Zabibu

Niliwapotosha wakulima walioniamini. Nalisema wazi kwa sababu ushauri nilioutoa bado unarudiwa vijijini, na huenda kuna anayejiandaa kuufuata msimu huu.

Nilikuwa bwana shamba katika vijiji vya jirani na bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Visima virefu vya bonde hilo vimekuwa tegemeo la maji ya mji kwa miongo mingi, na huko huko ndiko zabibu zinakolimwa. Malalamiko hayakuisha. Wakulima walisema pampu za mji zinawamalizia maji; watu wa mji walisema wakulima wanamwagia mashamba maji ya kunywa. Nilisimama na wakulima, na kuwatetea sijutii. Ninachojutia ni maneno niliyowaambia: "Chimbeni. Maji yaliyo chini ya shamba lako ni yako, na mvua zikinyesha kisima kinajaa upya."

Yote mawili si kweli.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kuwa na shamba hakukupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Anayetaka kumwagilia kwa kisima kirefu anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lake, na kwa Makutupora ni bonde la Wami/Ruvu. Sheria hiyo hiyo inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine zifuate. Niliijua sheria hiyo, lakini niliona kibali ni usumbufu wa makaratasi.

Kuhusu mvua, nilikosea zaidi. Kina cha maji Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana chini ya ardhi. Maji hupanda katika miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha hushuka taratibu kwa miaka kadhaa. Ni ghala linalojazwa kwa nadra na kuchotwa kila siku. Rekodi hizo zilikuwapo wakati wote nilipokuwa nikihubiri, nami sikuziulizia hata mara moja.

Mama mmoja aliyekuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mkono aliniita nikione. Tulifunga jiwe kwenye kamba tukaishusha. Ilipopandishwa, jiwe lilikuwa na vumbi, na kamba ilikuwa kavu hadi mwisho. Visima viwili virefu vilivyochimbwa kwa ushauri wangu vilikuwa mbele ya macho yetu, na pampu zilikuwa zinanguruma. Mama hakunilaumu. Aliniuliza atateka maji wapi, nikakosa jibu.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo sikuiona mapema. Mgao wa maji ulipokuja kujadiliwa kikaoni, wakulima wangu hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Mji unakua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma, na ile ya 2022 ikapata zaidi ya 760,000. Mbele ya mahitaji makubwa hivyo, mkulima asiye na kibali hahesabiwi miongoni mwa watumiaji halali, hata kama amelima pale tangu enzi za babu yake. Nilidhani nawapa haki, kumbe nilikuwa nawavua ile ndogo ambayo wangeweza kuidai.

Kwa mabwana na mabibi shamba wenzangu: msimshauri mtu achimbe kabla hamjauliza vipimo vya kina cha maji vya eneo lake. Fundisheni umwagiliaji wa matone, maana mzabibu unaomwagiliwa kwa mfereji unapoteza maji mengi bure. Na kwako mkulima uliyenisikiliza: nenda ofisi ya bonde ukaombe kibali, hata kama kisima kimeshachimbwa. Pima kina cha maji yako mara kwa mara, uandike, utunze daftari hilo. Siku ya kugawana maji, kibali na daftari hilo ndivyo vitakavyokutetea.